Wanaosali Wima

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, wakati jengo zima linarudi kazini baada ya chakula cha mchana. Ndani walikuwa wamebanana hivi kwamba mmoja akikohoa wote wanatikisika: karani wa wakili, mpiga picha za pasipoti, wanawake wawili wenye mifuko ya viazi, na katikati yao msichana aliyeinua majoho meupe ya kwaya juu ya vichwa vya watu ili yasiguswe na jasho la mtu.

Jengo zima lilimwita Pindo, kwa sababu katika karakana ya ushonaji ya ghorofa ya tano hakuna aliyeweza kupiga pindo la nguo likatulia kama lake. Siku hiyo alivaa gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe, na shingoni kitambaa cha njano. Hata kwenye joto lile alipendeza, na alijua.

Milango ikapanuliwa kwa chuma. Juu, usawa wa vichwa vyao, kikatokea kiatu, kisha goti, kisha uso wa kijana mwenye ovaroli ya buluu na tochi kinywani. Akaitoa tochi.

"Poleni, ndugu zangu. Nitawavuta mmoja mmoja. Nani aanze?"

"Majoho," akasema Pindo.

"Dada, mimi naokoa watu."

"Mimi nikichafuka naoga. Majoho yakichafuka nafukuzwa kazi. Futa mikono kwanza."

Watu wakacheka. Kijana akafuta mikono kwenye kitambaa, akaonyesha viganja vyote viwili kama mtoto anayekaguliwa na mama yake, akapokea majoho, akayalaza mahali safi. Kisha akamvuta na Pindo mwenyewe.

"Unaimba kwaya?"

"Nawashonea tu. Nikiimba watu wanahama."

"Basi siku moja uniimbie. Mimi nimezoea kelele za mashine."

Pindo akajikung'uta vumbi, akageuka, akaipiga teke dogo ile milango. "Hii lifti ni mwasi. Kila siku hivi hivi."

Wote wakacheka tena. Kijana, ambaye jengo zima lilimwita Fundi Lifti, alicheka nao, ila alichelewa kidogo.

Neno hilo sina budi kulieleza, maana ndilo lililotaka kuwavunja hawa wawili. Kanisa alilolelewa Pindo lilikuwa kubwa, la mawe, lenye mnara na kengele. Miaka mingi nyuma, waumini kadhaa waliondoka wakaenda kusali wenyewe ndani ya jengo lililokuwa gereji, ng'ambo ya reli. Wakaitwa waasi. Kwa nini waliondoka, vijana wa rika la Pindo hawakuambiwa, wala hawakuuliza. Walirithi neno bila watu wake, na neno lisilo na mtu ndani yake ni jepesi kulirusha. Mtoto akikataa uji, ameanza uasi. Redio isiyoshika stesheni, mwasi. Na kwenye karakana, ambayo ilikuwa ya Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake Pindo, neno lilikuwa limefanywa chombo cha kazi kama bobini na tepu. Uzi unaochomoza kwenye nguo iliyokwisha uliitwa mwasi. "Kata huyo mwasi," Mama Mkubwa angesema akipita kati ya vyerehani, na mkasi ukalia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hilo ndilo linalonichemsha damu kuliko yote, kwa sababu mtu asiyekusudia ubaya hadhani hata siku moja kwamba ana la kuomba radhi.

Majuma yaliyofuata lifti ile ilihudumiwa kuliko mgonjwa wa tajiri.

"Imeharibika tena?" Pindo aliuliza, bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Haijaharibika. Naikagua isije ikaharibika."

"Na ukaguzi unafanyikia humu, kwenye majoho?"

"Sauti yake inasikika vizuri nikiwa humu."

"Fundi," Mama Mkubwa akaingilia kutoka meza ya kukatia, "lifti iko nje, mkono wa kulia. Humu kuna wasichana tu."

"Naona, Mama Mkubwa. Nao nawakagua, shikamoo."

"Marahaba. Umeshakuwa na mdomo kuliko bisibisi."

Kwenye simu ndiko alikomaliza maneno. Alimpigia Pindo asubuhi, alimpigia mchana, alimpigia akiwa mahali ambapo mtu mwenye akili hapigi simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Mbona kuna upepo huko?"

"Niko shimoni, juu ya lifti. Mguu mmoja kwenye boriti."

"Kata simu basi, utaanguka."

"Nilishaanguka zamani. Nilianguka siku ya majoho."

"Maneno hayo umeyasoma wapi?"

"Nyuma ya kiberiti."

Pindo alicheka peke yake mpaka wenzake wakamtazama. Alikuwa ameshikwa, hana ujanja. Alipenda jinsi anavyosikiliza mashine kwa kuinamisha kichwa. Alipenda mikono yake inayonuka grisi na sabuni. Mambo mawili tu yalimtatiza. Kwanza, Jumapili hakuonekana. "Ofisi zimefungwa, ndiyo siku yetu ya kuingia mashimoni," alisema, na ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. La pili lilikuwa dogo. Siku moja alikaa kwenye stuli kando yake, na Pindo akamsukumia joho. "Nikatie huyo mwasi hapo, mikono yangu imejaa."

Fundi Lifti hakuchukua mkasi. Alichukua sindano, akautunga ule uzi uliochomoza, akaurudisha ndani ya mshono taratibu, akaufunga.

"Kwani kukata kuna shida gani?"

"Si uzi wa nguo hii hii? Urudi ndani."

Pindo akadhani ni utani wa mafundi.

Ikafika siku ya kwenda kujitambulisha nyumbani. Baba yake Pindo alikuwa mzee wa kanisa, mjane, mtu wa maneno machache na shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Sebule yake ilikuwa na zulia jekundu, viti vilivyovalishwa vitambaa, na ukutani picha ya marehemu mkewe. Fundi Lifti alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, viatu vinang'aa, na kapu la matunda. Mama Mkubwa alikuwepo, akamkagua kuanzia kola hadi soksi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Nasikia wewe ndiye unayetupandisha na kutushusha."

"Kupandisha ni kazi, baba. Kushuka watu hushuka wenyewe."

Mzee akacheka, jambo la nadra. Wakazungumza habari za kazi. Fundi akagundua swichi ya taa inalegea, akaomba bisibisi, akaikaza palepale. Pindo akiwa jikoni alisikia vicheko, moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Chakula kikaandaliwa.

"Tuombe," mzee akasema.

Katika nyumba ile waliomba kwa magoti. Viti vikasukumwa, baba akapiga magoti, Mama Mkubwa akapiga magoti huku akishikilia kiuno, Pindo akapiga magoti. Mzee akaanza kushukuru kwa ajili ya mgeni. Katikati ya shukrani akafumbua jicho moja, na mahali alipotarajia kuona magoti ya mgeni akaona viatu. Akainua macho. Kijana alikuwa amesimama wima, kafumba macho, viganja wazi mbele ya kifua, kama alivyosali tangu ajue kutembea. Hakuwa hata na habari kwamba wenzake wako chini.

Sala ikakatika. Mzee akainuka polepole.

"Kijana, unasali wapi?"

Fundi Lifti akafumbua macho, akawaona, akaelewa. "Ng'ambo ya reli, baba."

"Kwa waasi."

"Ndivyo mnavyotuita."

Mama Mkubwa akashika shavu. Pindo alihisi zulia limetoka chini ya miguu yake. Baba yake hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti chake, akapanga maneno yake.

"Sina ugomvi na wewe. Umezaliwa huko, hukuchagua. Jumapili ya mwisho wa mwezi utakuja mbele ya kanisa, upige magoti, useme hivi: nilikuwa mwasi, nimerudi. Basi. Binti utamchukua na baraka zangu."

"Na nisiposema, baba?"

"Hiki chakula kitakuwa cha kwaheri."

Kijana akaangalia sahani ambayo bado haijapakuliwa. Akashukuru kwa kukaribishwa, akamwamkia Mama Mkubwa upya kwa heshima zote, akatoka. Pindo akamfuata mbio mpaka barabarani, aproni bado kiunoni.

"Ulinificha," akamwambia. "Miezi yote hii. Unanifanya mjinga mbele ya baba yangu."

"Ningekuambia lini, Pindo? Siku ya kwanza uliipiga teke lifti ukaiita jina letu. Nilipokuja karakana nikakuta mnakata nyuzi, nazo mnaziita jina letu. Nikasema nitangoja siku moja ipite bila ninyi kulitaja, siku hiyo ndiyo nitasema. Haikuja."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Ningedhani unajua, nisingerudi hata mara ya pili."

Pindo akamshika mkono. Kosa alilolifanya hapo alikuja kulijutia, lakini wakati ule lilionekana kama hekima. "Basi liseme, yaishe. Ni neno tu, laazizi wangu. Upige magoti, useme, uinuke, unioe. Kesho nani atakumbuka?"

Uso wa Fundi Lifti ukajifunga.

"Kama ni neno tu," akasema, "mbona baba yako analitaka sana?"

"Usimguse baba yangu."

"Simgusi. Rudi ndani, chakula kinapoa."

Akaondoka zake. Kesho yake simu yake haikupatikana, na kesho kutwa hivyo hivyo. Lifti ilipokwama tena alikuja fundi mwingine, mzee asiyecheka, aliyewavuta watu kama magunia na kuondoka bila kumkagua mtu.

Pindo alilia mara moja, kisha akakasirika, na hasira ikamfaa kuliko machozi. Alijiambia kwamba mwanamume anayeshindwa sentensi moja kwa ajili ya mwanamke hana mapenzi, ana maneno ya nyuma ya kiberiti. Akaamua akamwambie hayo usoni. Alasiri moja akavaa gauni lake la kijani, la vita, akavuka reli akiuliza njia, huku akiyafanyia mazoezi maneno yake. Alikuwa nayo mengi, na makali.

Mlango wa kwao Fundi Lifti ulikuwa wazi. Ndani alimkuta mama mmoja mwembamba anapiga pasi vitambaa vya meza vya hoteli, rundo refu kuliko yeye mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Pindo."

"Umejuaje, mama?"

"Umetazama pindo la gauni langu kabla ya kunitazama usoni."

Pindo akaona haya. "Samahani. Yupo?"

"Yuko kazini. Aliomba wampangie majengo ya upande mwingine wa mji, ili asikukute. Kaa, mwanangu. Umekuja kugomba, nakuona. Gomba na mimi kwanza, mimi nina nafasi."

Pindo alikaa. Maneno yote aliyoyanoa njiani yakamwishia kwenye sentensi moja. "Mama, ameniacha kwa sababu ya kukataa kusema 'nilikuwa mwasi'. Tu."

"Alikuambia ndani ya hayo kuna nini?"

"Hakusema."

"Hawezi. Akianza hulia, na wanaume hawapendi kuonekana wakilia." Mama aligeuza kitambaa, akanyunyiza maji. "Mimi sikumzaa. Mimi ni mama yake mdogo. Aliyemzaa ni dada yangu, na alikuwa mwanakwaya wenu, alivaa joho kama hayo unayoshona. Alipata mimba. Aliyempa, naye sasa ni marehemu, alinyamaza kwenye benchi lake kanisani, Jumapili zote, akiimba. Dada akafa akijifungua. Tukampeleka kanisani kwake, maana tungempeleka wapi? Wazee wakasema mwanamke wa namna ile haombewi, hapigiwi kengele, haingii. Wakafunga geti."

Pasi ikapita juu ya kitambaa, ikarudi.

"Mvua inanyesha. Jeneza liko chini, mtoto yuko kifuani kwangu, hajapewa hata jina. Basi watu waliokuwa wameshaingia kanisani wakaanza kutoka, mmoja, mwingine, mwingine. Wakapita kwenye mlango mdogo wa pembeni wakaja kusimama nasi. Chini matope matupu, hapakuwa na pa kupiga magoti. Tukamwombea wima. Jumapili iliyofuata tukatangazwa madhabahuni kwamba sisi ni waasi, na mtu asitusalimie. Tangu hapo tunasali wima. Watu wanadhani ni kiburi. Siyo, mwanangu. Ndivyo tulivyoanza."

Pindo akauliza: "Kwa hiyo akipiga magoti akasema alikuwa mwasi…"

"Atakuwa amesema waliotoka kumwombea mama yake walikosea. Na kwamba geti lilifungwa kwa haki."

Ni neno tu. Alikuwa amemwambia hivyo, akimshika mkono, akimwita laazizi. Pindo akatamani ardhi ipasuke.

"Hao wazee wako hai?"

"Wamekwisha wote." Mama akakunja kitambaa. "Amebaki aliyekuwa mpiga kengele. Alikuwa kijana mdogo, aliimba na dada yangu, walikuwa marafiki. Nilimwona kupitia nondo za geti. Alisimama chini ya mnara, kamba mkononi, anatutazama. Sote tulidhani atapiga. Alipiga moyo konde, nadhani, lakini upande wa kubaki. Akaifunga kamba kwenye msumari, akaingia ndani."

"Nani, mama?"

Mama mdogo akaisimamisha pasi wima. "Usingeuliza nisingesema. Ni baba yako."

Treni ya mizigo ikapita nje, vyombo vikalia kabatini.

"Fundi anajua?"

"Hajui, na usimwambie. Akijua hatakanyaga tena mlangoni kwa baba yako, na mimi nataka akanyage. Nimempigia shati lile pasi kwa mikono yangu."

Kesho yake karakana ilikuwa na kazi ya haraka. Mama Mkubwa alipita nyuma ya Pindo, akainama, akanyoosha kidole kwenye mkono wa joho.

"Huyo hapo. Mkate huyo mwasi."

Pindo akaweka mkasi mezani. "Ni uzi, Mama Mkubwa."

"Nini?"

"Hicho ni uzi. Una jina lake. Waasi ni watu, wana majina yao, mmoja anapiga pasi vitambaa ng'ambo ya reli na ana adabu kuliko sisi sote humu ndani. Nimekata nyuzi miaka yote nikimtukana mama wa watu bila kujua, na ninyi mlijua. Wewe ulijua. Ulikuwepo?"

Vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja. Mama Mkubwa hakumfokea, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kufoka.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa ndani, na kitabu cha nyimbo. Nikasimama nitoke. Mume wangu akanishika mkono, nikakaa."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tungesemaje, Pindo? Tungesema tulimwacha mwenzetu kwenye mvua? Tukisema waasi, hakuna anayeuliza zaidi."

Akachukua mkasi mezani, akautia mfukoni mwa gauni lake, akaenda zake kwenye meza ya kukatia. Siku ile nzima hakutaja neno lile.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ikafika. Pindo alikuwa hajamwambia baba yake kitu. Kila alipofungua kinywa hasira ilimjaa mpaka ikaziba njia ya maneno. Alivaa gauni jeupe la kola ndogo, akafunga nywele kwa utepe mweusi, akakaa benchi la nne. Baba yake alikuwa mbele na wazee wenzake; alikuwa ameshamwarifu mchungaji, akiamini kijana atakuja. Mchungaji, kijana aliyehamishiwa hapo karibuni na asiyejua mengi, alisimama akiwa na uso wa furaha.

"Leo tunampokea ndugu yetu anayerudi kutoka kwa waasi. Kabla hajaja mbele, tupige magoti tumwombee."

Kanisa zima likashuka kwa kishindo kimoja. Pindo akabaki amesimama.

Mwanzoni ilidhaniwa hakusikia. Mwanamke wa nyuma akamvuta gauni. Baba yake akageuka.

"Binti, piga magoti."

"Hatakuja, baba."

"Piga magoti, tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani hatuzungumzi. Tunaomba, tunakula, tunalala." Sauti yake ilifika hadi mlangoni. "Mchungaji, nisamehe, wewe ni mgeni, umepewa neno ukalitumia kama sisi sote. Nataka mtu hapa aniambie maana yake. Tumelitumia kuwagombeza watoto, tumelitumia kukatia nyuzi. Mwasi ni nani?"

Mchungaji akawatazama wazee. Wazee wakatazama sakafu.

"Basi nitasema mimi. Mwasi ni mtu aliyetoka humu akaenda kusimama kwenye mvua kumwombea mwanakwaya wenu, alipokuwa amelazwa nje ya geti mkiwa mmelifunga. Mwanakwaya huyo aliacha mtoto mchanga. Huyo ndiye mnayemngoja leo aje kuwapigia magoti. Kama kuna maana nyingine, anayeijua asimame aseme."

Hakusimama mtu. Ila kwenye benchi la akina mama, Mama Mkubwa, aliyekuwa chini na kiuno chake kibovu, alishika mgongo wa benchi la mbele akajiinua mpaka akawa wima.

Pindo akamtazama baba yake. Alikuwa amepanga kumwambia mengi, lakini mzee alikuwa ameshafahamu. Uso ulikuwa umemshuka kama nguo iliyokatwa mkanda.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "kamba ilikuwa mkononi mwako."

Akatoka.

Kwenye ngazi za nje jua lilikuwa kali. Pindo akakaa. Akatoa simu, akapiga namba mpya aliyopewa na mama mdogo. Ililia sana kabla ya kupokewa.

"Haloo?"

"Ni mimi."

Upepo wa shimoni ukavuma.

"Uko juu ya lifti?"

"Niko juu ya lifti."

"Shika boriti vizuri. Nilikuambia ni neno tu. Nilikosea, na sina la kujitetea. Nimekaa na mama mdogo, ameniambia. Ulikuwa na haki ya kunitukana pale barabarani, ukaniambia nirudi ndani chakula kinapoa."

"Ningekutukanaje? Ulikuwa na aproni."

Pindo akacheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa utepe. "Usije hapa kupiga magoti. Sitaki mume aliyepiga magoti kwa sababu hiyo. Nitakuja mimi ng'ambo ya reli, nisimame na ninyi, kama mtanipokea. Nioe huko huko gerejini."

"Pindo, unaniposa?"

"Nakuposa. Wewe umezidi kukagua."

"Na baba yako?"

"Baba yangu sijui. Nimemsema mbele ya watu, labda sina tena pa kulala. Hata hivyo nataka jibu."

"Jibu ulikuwa nalo tangu siku ya majoho, mpenzi. Ulikuwa hujauliza tu…"

Akanyamaza. Juu ya kichwa cha Pindo kengele ilikuwa imelia, mara moja, nzito. Ikapita kimya kirefu, ikalia tena. Haukuwa mlio wa kuita watu ibadani. Kila mtu mjini aliujua mlio ule, na barabarani mwendesha baiskeli mmoja akashuka, akavua kofia.

"Hiyo ni kengele ya msiba," Fundi Lifti akasema. "Nani amekufa?"

"Mama yako."

"Mama? Nimemwacha nyumbani asubuhi hii anakunywa chai."

"Siye huyo. Aliyekuzaa. Leo ndiyo wanampigia."

Pindo akainuka, akazunguka mpaka kwenye mlango wa mnara. Baba yake alikuwa ndani peke yake, koti liko chini, kifungo cha juu kimefunguliwa, anavuta kamba kwa mikono ambayo haikuwa tena na nguvu za kazi ile. Kila akivuta, visigino vilinyanyuka. Hakugeuka.

"Anayepiga ni nani?" sauti ikauliza simuni, ikiwa imekauka.

"Baba."

Kengele ikalia tena.

"Usikate simu," Fundi Lifti akasema.

"Sikati."

Akanyoosha mkono, akaielekeza simu juu, kulikokuwa na kengele.